Waliukamua udongo mweusi wa Hanang, sasa wanatuambia vijana tukalime

Kila serikali inaposhindwa kumpa kijana wa mjini kazi, hukumbuka kwamba ana mikono miwili. Mwaka 1983 walituita "nguvu kazi". Ikatungwa sheria, mgambo wakaingia mitaani Dar es Salaam, kaka zetu wasio na kitambulisho cha kazi wakakusanywa kama kuku na kupakiwa kwenye magari kwenda vijijini. Wengi walirudi mjini kabla jembe halijashika kutu. Siku hizi lugha imelainika. Hakuna mgambo, kuna semina. Mwaka 2023 ukazinduliwa mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ule wanaouita BBT: mashamba makubwa ya pamoja, fulana, kamera na hotuba ndefu. Ujumbe ni ule ule wa mwaka 1983: kijana, toka kijiweni, ardhi ipo, nenda kalime.

Ardhi ipo, sibishi. Ninachotaka kuwauliza wakubwa ni kitu kimoja tu: iko katika hali gani? Maana mtu akikukabidhi gari akuendeshee biashara, hukufungulia boneti ukaona injini. Hawa wanatukabidhi ekari, wanatuonyesha mipaka na vigingi, halafu boneti wameifunga kwa kufuli. Injini ya shamba ni udongo, na udongo ni kitu hai. Unakula, unapumua, unachoka, na ukipigwa sana unakufa. Asiyeamini aniandame, twende naye Hanang.

Wilaya ya Hanang zamani ilikuwa mkoa wa Arusha, na tangu mwaka 2002 iko Manyara. Chini ya mlima Hanang, ambao ni volkano iliyolala, zimetandaza tambarare za Basotu. Majivu ya volkano yalitua huko tangu enzi na enzi, nyasi zikaota juu yake, ng'ombe na wanyama pori wakala nyasi na kuacha samadi, na kwa maelfu ya miaka udongo ukajijenga mpaka ukawa mweusi wa kupendeza. Wabarbaig, wafugaji wa huko, waliujua utajiri huo kabla hajazaliwa bwana shamba yeyote. Malisho hayo ya tambarare waliyapa jina la peke yake, muhajega, na hawakuyavamia hovyo. Mifugo iliingia kwa msimu wake, ikatoka kwenda malisho mengine, nyasi zikapumua. Ukiukosea mpangilio huo wazee walikuita barazani.

Sasa weusi ule unatoka wapi? Naomba uvumilivu kidogo hapa, maana ndipo penye siri yote. Mimi si mtaalamu. Baiolojia yangu iliishia kidato cha nne, na mwalimu wa somo hilo tulikuwa tunamwona kwa msimu kama embe. Lakini jambo lenyewe halihitaji digrii.

Msitu huweka mali yake juu, kwenye magogo na matawi, ndiyo maana mwizi wa mbao anaiona. Nyasi huweka mali chini. Sehemu kubwa ya mmea wa nyasi za nyika iko ardhini, mizizi myembamba kama nywele, na kila mwaka mingi kati ya hiyo hufa huko huko ilikozaliwa. Hapo wanaingia wananchi ambao hawajawahi kutajwa kwenye hotuba yoyote ya Nane Nane: vijidudu. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya kinaweza kubeba bakteria wanaokaribia bilioni moja. Hao ni wengi kuliko wapiga kura wote wa Afrika Mashariki, na bahati yao hakuna anayewaibia kura. Pamoja nao wapo kuvu wenye nyuzi zisizoonekana kwa macho, wapo mchwa na nyungunyungu wanaokata na kubeba. Wanakula mizizi iliyokufa, wanakula samadi, wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Kinachobaki baada ya kuliwa na kuliwa tena hung'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi. Hiyo ndiyo mboji, na ndiyo inayochangia ule weusi.

Mboji hiyo ndiyo ghala. Zaidi ya asilimia 90 ya naitrojeni iliyomo kwenye udongo imefungwa ndani yake, na mmea hauwezi kuigusa mpaka kijidudu aitafune kwanza. Fosforasi nayo haitembei. Hukaa mahali ilipo kama karani wa ofisi ya ardhi, mpaka kuvu waitwao mikoriza wanyooshe nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyofika, waichukue na kuiuza kwa mmea, nao mmea uwalipe sukari. Biashara safi ya kubadilishana, bila leseni wala mtu wa mapato. Halafu wapo bakteria wa mikunde, wanaojenga vinundu kwenye mizizi ya maharage, mbaazi, fiwi na kunde, wakaichukua naitrojeni ya hewani bure na kuigeuza chakula cha mmea. Ng'oa mche wa kunde, pasua kinundu kwa ukucha. Ukiona ndani kuna wekundu kama nyama mbichi, jamaa wako kazini. Ukiona kijivu au kijani, wamelala.

Hapo niweke onyo, kwa sababu najua wapo vijana wenzangu watakaokimbilia kila penye rangi nyeusi. Weusi si cheti. Nchi hii ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi mpaka mguu unazama, na masika unageuka gundi ya kuvua viatu. Udongo huo unaweza kuwa mweusi tii na mboji yake ikawa kiduchu, kwa sababu rangi inatoka pia kwenye aina ya mfinyanzi wenyewe. Dalali wa shamba akikuambia "mdogo wangu, udongo huu mweusi hautaki mbolea miaka ishirini", mwambie akuonyeshe karatasi ya maabara. Utamwona anavyotafuta simu yake mfukoni.

MSAADA ULIOKUJA NA MATREKTA

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliamua kwamba tambarare zile hazina mwenyewe. Kwa fedha na wataalamu wa Canada, likaletwa shamba la ngano. Mwenye nalo alikuwa NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Likawa shamba moja, likazaa mengine mpaka yakafika saba, kila moja likikaribia ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na wenzao. Matrekta, mashine za kupandia na za kuvunia zikatoka Canada, maana msaada wa namna hiyo una kawaida ya kuondoka kwa mfadhili kama msaada na kurudi kwake kama mauzo. Wakulima wa makaratasi mjini wakapiga makofi. Na mapishi yakawa yale yale ya nyika za magharibi mwa Canada: fyeka nyasi zote, tifua kwa mashine, panda ngano peke yake, vuna, tifua tena, panda ngano tena.

Tuulizane: mapishi hayo yaliwafanyia nini wenyewe waliyoyatunga?

Nyika za Amerika Kaskazini zilikuwa na udongo mweusi usio na mfano. Wakazipasua kwa plau kuanzia karne ya 19. Katika miongo michache ya kulima, udongo ule ulipoteza sehemu kubwa ya mboji yake, sehemu nyingi kati ya theluthi na nusu. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, udongo ulioachwa mtupu, usio na mizizi wala gundi ya vijidudu ya kuushika, ulipeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika nyika za Marekani mchana ukawa usiku, na siku hiyo wanaiita Jumapili Nyeusi mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1935 Canada ililazimika kuunda chombo maalumu cha serikali cha kuyaokoa mashamba yake ya nyikani.

Warusi nao hawakujifunza. Ni Mrusi, Dokuchaev, aliyeandika kitabu kizima juu ya udongo mweusi mwaka 1883 na kuanzisha elimu ya udongo kama taaluma. Bado mwaka 1954 Khrushchev aliamuru mamilioni ya hekta za nyika zilimwe, hasa Kazakhstan, akapeleka vijana kwa malaki, kwa nyimbo na bendera. (Unaona? Vijana tena!) Miaka ya kwanza mavuno yalifurika. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 vumbi lilikuwa linapaa, na mwaka 1963 dola hilo kubwa, lenye udongo mweusi wa Ukraine ndani ya mipaka yake, likaenda kununua ngano nje. Ilinunua wapi? Canada.

Kwa hiyo Wacanada walipotua Basotu walikuwa wanajua. Na wakubwa wetu walikuwa na la kwao la kukumbuka, maana mkoloni Mwingereza alishatufanyia mchezo huo huo Kongwa kwa karanga kuanzia mwaka 1947, matrekta yakavunjika meno kwenye udongo uliokauka kama saruji, na mwaka 1951 akafunga mahesabu akiwa amepoteza pauni milioni 36 hivi. Ule haukuwa udongo mweusi wa nyika, lakini ujinga ni ule ule wa kulima kwanza na kuuliza baadaye.

Tena Hanang hali ilitakiwa kuogopwa zaidi, na sababu ni hawa hawa vijidudu. Kule Canada udongo unaganda kwa miezi mingi. Vijidudu wanalala, mboji inabaki salama kwenye baridi kama samaki kwenye barafu. Hanang hakuna likizo. Joto lipo mwaka mzima, na palipo na unyevunyevu wanakula. Ukiingiza plau unaingiza hewa, unavunja vile vibonge vidogo vya udongo ambamo mboji ilikuwa imefichwa, na vijidudu wanaifakamia kama wageni wasioalikwa kwenye ubwabwa wa harusi. Naitrojeni inafumuka kwa wingi. Ngano inastawi mpaka inamchekesha mkurugenzi. Wageni wanaletwa na ndege kupiga picha.

Huo ulikuwa ni uchotaji wa akiba iliyowekwa na nyasi, ng'ombe na vijidudu kwa maelfu ya miaka, na vitabuni ukaandikwa "ongezeko la uzalishaji".

Kisha mvua. Mvua ya Canada mara nyingi ni ya rasharasha na theluji. Yetu inapiga kama ngumi. Ikipiga juu ya nyasi inaingia ardhini taratibu. Ikipiga udongo uliotifuliwa na kuachwa uchi, inauziba juu, maji yanakosa njia, yanateremka. Makorongo yakachimbika kwenye mashamba yale na kandokando yake, na udongo wa juu, ule wenye uhai, ukaenda mabondeni bila nauli.

Ngano ilipatikana, siwezi kuficha. Kwa miaka kadhaa mashamba yale yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Lakini hebu nenda leo kwa mama anayekupikia chapati asubuhi, muulize unga wake unatoka wapi. Sehemu kubwa kabisa ya ngano inayoliwa Tanzania inatoka nje. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, chapati ya kijiweni kwetu ilikonda mpaka ukaweza kusomea gazeti kupitia kwake. Baada ya ekari 70,000 za udongo bora kuliko wote! Jamani!

NANI ALIYEUJENGA UDONGO ULE?

Wabarbaig walifukuzwa. Nyumba zilichomwa, mapito ya ng'ombe kwenda kwenye maji yakafungwa, na makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yakapitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kesi yao ya mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawasikiliza na kuwapa fidia. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, moja ya hoja ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na mkoloni. Mbarbaig athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Hanang! Sijui angeleta nini, labda ng'ombe wake wapande kizimbani.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu ya udongo wenyewe, maana dhuluma ile na uchovu wa udongo ni kesi moja. Ulipomwondoa mfugaji, uliondoa samadi. Uliondoa mzunguko wa kuchunga na kupumzisha. Ng'ombe wale hawakuyeyuka, walisukumwa kwenye maeneo madogo na makavu zaidi, yakaliwa mpaka yakabaki kipara. Na wakubwa wakapata wimbo mpya: "wafugaji wanaharibu mazingira".

Basi wasikie hili. Mwaka 2018 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Narok, Kenya, jirani zetu hapo. Watafiti walichimba maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Mahali palipolala ng'ombe, mbuzi na kondoo zaidi ya miaka elfu iliyopita, udongo bado una naitrojeni, fosforasi na madini mengine kuliko nyika inayouzunguka. Kwa macho tu panajionyesha, ni viraja vya majani mabichi katikati ya mbuga, na wanyama pori huvifuata mpaka leo. Mfugaji asiye na cheti aliacha rutuba iliyodumu miaka elfu tatu. Shirika la umma lenye wataalamu wa nchi mbili liliacha makorongo.

Wacanada waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. NAFCO nayo ikaja kufa kama ndugu zake wengi wa mashirika ya umma, mashamba mengine yakaenda kwa wawekezaji, mengine yakarudi kwa wananchi. Waliorudishiwa walipewa ardhi. Mboji nani aliwarudishia? Na wakati huo huo kule Canada wakulima walikuwa wanaachana na plau, wanapanda moja kwa moja juu ya mabua ya msimu uliopita, wanapishanisha ngano na dengu na njegere ili bakteria wa mikunde wafanye kazi. Yaani waliyoyaleta kwetu kama maendeleo, wao wenyewe waliyatupa.

MFUKO WA MBOLEA SI DAWA YA KILA UGONJWA

Hapa najua mtetezi wa serikali ameshanyoosha kidole: "Mbona tumetoa ruzuku ya mbolea?" Ni kweli. Agosti 2022 ilizinduliwa ruzuku, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, uliokuwa umepita shilingi laki moja, ukashushwa hadi 70,000. Mimi siibezi. Mkulima aliyevuna magunia matano akabakiwa na mawili hawezi kusubiri samadi ya miaka kumi ndipo ale. Tena wale wanaotembea na wimbo wa kwamba mbolea ya dukani ni sumu tupu, niwapeleke Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali ya kule ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa amri ya ghafla. Mpunga na chai vikaporomoka, marufuku ikaondolewa kabla mwaka haujaisha, na Julai 2022 Rais Gotabaya Rajapaksa, ambaye tayari alikuwa amezongwa na madeni ya nchi, akaikimbia nchi huku wananchi wakiogelea kwenye bwawa la Ikulu. Udongo hautaki siasa za pupa.

Lakini mfuko peke yake unafanya nini? Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukiumwaga juu ya udongo usio na asidi, kama ulivyo udongo mwingi mweusi wa mbuga, bila kuufukia, bakteria wanaugeuza kuwa amonia na sehemu yake inapaa hewani. Ile harufu ya kuchoma pua unayoisikia shambani ni hela yako inaondoka. Udongo huo huo ukituama maji, kundi jingine la bakteria, lililokosa hewa, linaigeuza naitrojeni kuwa gesi na kuipeleka mbinguni. Na udongo usio na mboji hauna mkono wa kuishika mbolea, mvua ikija inaiteremsha chini ambako mzizi haufiki. Serikali imelipa ruzuku, mkulima amelipa 70,000, anayefaidi ni hewa.

Sasa chukua Minjingu. Fosfeti inachimbwa pale pale Manyara, ni mali yetu, na mimi napenda cha kwetu. Ila jiwe la fosfeti linayeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi. Likisagwa tu na kumwagwa kwenye udongo mweusi wenye chokaa, linakaa hapo kama kokoto. Kwa hiyo bila kupima udongo huwezi kujua kama unalisha mmea au unajenga barabara. Unaposikia mkoa mzima umepelekewa aina moja ya mfuko, kwa ratiba moja, elewa kwamba kuna daktari anayegawa kidonge kimoja kwa wodi nzima.

Hata samadi na mabua vina kanuni yake. Ukizika mabua ya ngano au mahindi peke yake halafu ukapanda wiki inayofuata, mimea itageuka njano. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu wakiyala wanakopa naitrojeni ya udongo, na mmea unabaki unaangalia. Yachanganye na samadi au na majani ya mikunde, au yaache juu yakifunika ardhi, deni linapungua. Mkulima mzee anaijua hiyo kwa macho. Anayekuja na fulana ya semina ya siku tatu hajui.

Niwakumbushe na mbaazi. Babati, Karatu na sehemu nyingine za kaskazini, wakulima walikuwa wanachanganya mahindi na mbaazi. Mbaazi ina mzizi mrefu wa kutoboa chini, inaangusha majani, ina vile vinundu vya bakteria, na punje yake inauzwa. Udongo unalishwa na mfuko unatuna, unataka nini zaidi? Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi, na bei huku ikaanguka mpaka watu wakaziacha shambani. Wakubwa walikuwa wapi? Hakukuwa na mnunuzi wa pili aliyeandaliwa, wala mpango wa kuziingiza mashuleni na magerezani. Mkulima aliyeacha mbaazi akabaki na mahindi matupu, na udongo wake ukabaki na mfuko wa ruzuku. Halafu Mei 2024 viongozi wa Afrika wakakutana Nairobi kwenye mkutano uliopewa jina la mbolea na afya ya udongo. Mwaka 2006 Abuja walizungumza kilo tu, kwamba tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Miaka 18 kuongeza neno "afya" kwenye kichwa cha habari!

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Siku hizi kijiweni kila wa tatu ni mkulima wa simu. Anakodi ekari tano kwa msimu mmoja, anapanda tikiti au vitunguu, anamimina mbolea na dawa, anavuna, anahama kwenda kukodi kwingine. Nani ataweka tani tano za samadi kwenye ekari ambayo mwakani ni ya mwingine? Hakuna. Simlaumu aliyekodi, nalaumu utaratibu. Ardhi yote ya nchi hii kwa sheria ya mwaka 1999 ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Basi mdhamini akimpa kijana shamba, ampe kwa miaka ya kutosha na maandishi ya kutosha, kijana aone faida ya kulisha udongo utakaomlisha yeye baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo kabla hatujapanda basi la kwenda kwenye mashamba yao, tunadai karatasi. Kila shamba la vijana lipimwe udongo kabla ya trekta kuingia: mboji ni asilimia ngapi, asidi ni kiasi gani, fosforasi iko wapi. Maabara zipo, TARI Mlingano kule Tanga ndiyo kazi yao, SUA Morogoro wapo. Matokeo yabandikwe ukutani ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yasifungiwe kwenye kabati la mshauri mwelekezi. Yapimwe tena mwaka wa tatu, na wa tano. Mboji ikishuka, aliyesimamia aulizwe kama anavyoulizwa mweka hazina pesa ikipungua. Na mfugaji aliyeko jirani aitwe mezani awe muuzaji wa samadi, badala ya kuitiwa polisi.

Wewe ndugu yangu unayetaka kukodi ekari zako mbili wiki ijayo, usisubiri serikali. Nenda na jembe. Chimba shimo la urefu wa mkono. Chukua bonge la udongo wa juu, liweke kwenye glasi ya maji uliangalie dakika kumi: likibaki zima, lina gundi ya vijidudu, likisambaratika likawa tope, mvua italifanya vivyo hivyo. Hesabu nyungunyungu. Ng'oa kunde ya jirani upasue vinundu. Kisha mgeukie dalali, na kama hukuona kitu kinachotembea wala chenye wekundu, mwambie bei yake ipungue nusu, kwa sababu anachokukodisha ni kifusi.